Usiende Kututafutia Mbegu Isiyougua

Samuye, jioni ya kuamkia safari yako

Limi mwanangu,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini yako naiona kutoka hapa nilipokaa. Uko nyuma ya jiko unasugua viatu ulivyokwisha kuvisugua asubuhi, na mama yako anakaanga karanga za safari huku akikupa maonyo ya miaka mitatu kwa pumzi moja. Na yangu unaiona pia. Nimekalia tenga la nyanya lililopinduliwa, karatasi iko juu ya paja, na kila ukipita unatazama kando kama mtu aliyekatazwa kuchungulia. Basi salamu tuziache. Barua hii nitakukabidhi kesho pale stesheni ya Shinyanga, na nakuomba usiifungue mpaka treni iondoke. Mimi ni hodari wa kuimba mbele ya kijiji kizima, lakini kusomwa nikiwa nimesimama pale siwezi.

Mambo ya kutunza tiketi, ya kutoweka begi karibu na dirisha treni ikisimama Tabora, ya nani wa kuketi naye na nani wa kumkwepa, hayo ni ya mama yako na ameyamaliza. Mimi nina jambo moja. Juzi aliniambia ulichomwambia mlipokwenda kuchota maji lamboni. Ulisema, "Mama, nikiikosa hiyo mbegu, nitarudi hapa na uso gani? Bora nisirudi." Aliniambia bila kunitazama. Kwanza nilicheka, si unanijua. Kisha nikaenda shambani nikakaa kwenye ukingo wa mfereji mpaka miguu ikafa ganzi. Mwanangu, nimekuumiza, na nimekuumiza kwa wimbo.

Huko chuoni watakuuliza baba yako anafanya kazi gani, na ukisema ni mkulima hutakuwa umekosea. Ila ukiona wanafaa, waambie na ukweli wenyewe, kwamba yeye ni manju. Wasiojua waeleze. Kwetu tunalima kwa kundi, leo kwangu kesho kwako, na manju ndiye anayetangulia kwa wimbo ili watu wasahau migongo yao. Tena ng'ambo ya lambo kuna kundi jingine lenye manju wake, kwa hiyo kazi ya manju ni kujisifu pia. Asifu kundi lake, asifu mazao yake, asifu hata ng'ombe wa kuazima ikibidi, mradi wale wa ng'ambo wasikie na wakose raha. Manju asiyejisifu ni jogoo anayenong'ona.

Kazi hiyo naipenda kupita kiasi. Na kwa kupenda kwangu huko nimeliponza bonde letu mara moja, na juzi juzi nimekuponza wewe.

Habari ya bonde unaijua, lakini nataka uisikie kwangu, maana kila mtu hapa huisimulia kwa kunionea huruma na mimi huruma hiyo siitaki. Unakumbuka tulivyokuwa zamani. Kila kiangazi, nyanya zikianza kushika matunda, majani yalipata mabaka ya njano, na ukiligeuza jani unakuta ungaunga mweupe. Bibi shamba aliuita ubwiri unga. Sisi tuliuita unga tu, na kila mtu alijua ni unga gani. Majani yalikauka kuanzia chini kwenda juu, tunda likabaki uchi juani likaungua. Aliyekuwa na dawa ya salfa alinyunyiza. Aliyekosa alimwaga jivu la jikoni na kumwachia Mungu.

Ndipo Bwana Hasmukh, yule mwenye duka la pembejeo mjini, akanipa kikopo cha mbegu mpya. Akasema, "Hii jaribu, Baba Limi. Wanasema unga hauishiki." Nikapanda mistari michache. Majirani wakaanza kuungua kama kawaida, na mistari yangu ikabaki kijani mpaka watu wakawa wanaacha njia kuja kuitazama. Kiangazi kilichofuata karibu nusu ya bonde waliipanda. Kilichofuata tena, mimi nikaona nusu haitoshi. Mbegu hiyo tukaiita Chuma, na nikaitungia wimbo. Kwa Kiswahili unapoteza ladha, lakini ulikuwa unasema: waacheni wa ng'ambo wapepee majani yao, sisi tumepanda chuma, na unga hauna meno ya kutafuna chuma.

Ulikuwa wimbo mzuri, nisikudanganye. Ulikuwa mzuri kuliko akili yangu. Ulifika mpaka Kharumwa, na madereva wa pikapu waliokuja kutununulia nyanya za kuwapelekea wachimba dhahabu walikuwa wakiingia kijijini wanaupiga mluzi. Mchimbaji akitoka kwenye duara lake, yaani shimo la dhahabu, hana subira ya kuchagua chagua. Anataka nyanya ngumu isiyopasuka kwa mashimo ya barabara, na Chuma ilikuwa hivyo hasa. Basi kundi likaweka sheria kwamba asiyepanda Chuma hatutalima kwake. Sheria hiyo ilitoka kinywani mwangu.

Mama Nyanzala, yule mjane wa karibu na barabara, alikuwa na vinyanya vyake vya kienyeji na mbegu nyingine ya nyanya ndefu aliyopewa na dada yake. Alikuja kuniuliza kwa upole, "Manju, hizi zangu zinawadhuru nini?" Nikamjibu mbele ya watu kwamba chuma na udongo haviungwi pamoja. Watu wakacheka. Yeye naye akacheka kwa adabu, akaenda kung'oa. Kuanzia lambo mpaka barabarani ikawa aina moja, mstari kwa mstari, na mimi nikisimama juu ya tuta nilijiona kama mtu aliyelima nchi.

Mwaka uliofuata ile mvua ya Elnino, jua lilirudi na hasira zake zote. Ulikuwa nyumbani kwa likizo ya mwezi wa sita. Kundi lilikuwa limemaliza kupalilia na kufunga miche kwa Mzee Maduhu, na akanivika kama desturi. Desturi hiyo nayo watakuuliza, kwa hiyo jiandae. Kundi likimaliza shamba, mwenye shamba humvika manju majani ya zao lake, shingoni na kiunoni, naye huyavaa mpaka shamba linalofuata, akaingia kati ya mistari akicheza, kulisalimia kabla jembe halijagusa ardhi. Ni heshima kubwa. Babu zetu walivikwa majani ya mtama na ya pamba, na hakuna aliyeona ubaya wake.

Ulikuwa umetuletea maji. Ukashika jani moja hapa shingoni kwangu, ukaligeuza.

"Baba, haya majani yana unga."

"Vumbi hilo. Huoni malori ya Isaka yanavyolitimua?"

"Vumbi linatua juu ya jani, baba. Hili liko chini."

Mzee Maduhu alinitazama, anangoja. Kundi zima linangoja. Manju hanyamazi, Limi. Nikasema, "Loo! Siku hizi hata vumbi limekwenda sekondari!" Kicheko kilichotoka pale kilisikika ng'ambo. Ukaliachia jani, ukaokota ndoo yako ukaondoka, na mimi nikaingia shamba la Mama Nyanzala nikicheza. Siku ya pili nikatoka kwake nimevikwa majani yake, nikaingia linalofuata nikicheza. Wiki nzima niliyacheza mashamba ya upande wa chini, kila moja nikiliingia nimevaa ugonjwa wa jirani yake kama shada la harusi.

Najua unga unapeperushwa na upepo pia. Bibi shamba aliniambia hivyo kunifariji, kwamba hata kama nisingecheza ungefika tu. Pengine. Lakini upepo ungekwenda kwa miguu yake, na mimi niliupandisha mgongoni.

Kabla matunda hayajageuka rangi, bonde lilikuwa limekuwa la njano, na chini ya kila jani kuna nyeupe. Ng'ambo nao waliguswa, lakini wao walikuwa na mbegu za kila namna, kwa hiyo mistari hii ilikufa na ile ikabaki. Kwetu hakuna kilichobaki. Zile pikapu zilikuja, zikageuza zikiwa tupu. Moja haikuondoka tupu kabisa, maana kaka yako Masanja alipanda nyuma, akasema anakwenda kuchimba kitu kisichoshikwa na unga. Yuko huko mpaka leo, mzima, amekonda. Gari la Kharumwa likisimama barabarani mama yako huacha alichoshika.

Nilikwenda kwa Bwana Hasmukh na jani mkononi, nimejaa maneno. "Ulisema unga hauishiki!" Akaniwekea kiti, akaagiza chai, akaligeuza jani kama ulivyoligeuza wewe.

"Nilisema wanasema, Baba Limi. Na ilikuwa kweli. Si uliona mwenyewe?"

"Sasa mbona imekuwa uongo?"

"Hilo siwezi kukujibu. Mimi ni mwuza mbegu, siuzi ahadi. Muulizeni mtaalamu."

Chai nilikunywa. Hasira ilikuwa bado, lakini chai haina kosa.

Bibi shamba alikuja akakaa nasi kwenye tuta, na wewe ulikuwa karibu naye kama kifaranga, sidhani kama umesahau. Mimi nakumbuka kila neno. Alisema unga huu kwa macho ni uleule, kwa tabia ni mwingine. Katika unga ule wa zamani, walikuwapo vimelea wachache sana waliojua kupita pale Chuma ilipoweka komeo. Walikuwa wachache na chakula chao kilikuwa hapa kimoja na pale kimoja, kwa hiyo hawakufika mbali. "Halafu ninyi mkawapa bonde zima," akasema. Akatafuta neno lifaalo. "Mmewalimia."

Hakuna aliyecheka. Mzee Maduhu akasema, "Sawa, mama. Sasa tuletee nyingine, ile ambayo unga hautaiweza kabisa."

"Mzee wangu, ipo itakayokaa miaka kadhaa. Ya milele haipo. Ni kama kucheza bao. Ukirudia mchezo uleule kila siku, hata mtoto atakufunga."

Naomba unielewe vizuri kuhusu wakati ule, kwa sababu ulirudi shuleni na hukuniona. Sikuweza kuimba. Kundi lilikwenda kulima mtama bila wimbo, kama msiba unaotembea, na mimi nyuma kabisa na jembe langu. Nilikuwa sina kitu kingine. Sikujua kusuka, sikujua kuchunga, sikujua hata kukaa na mama yako jioni tukazungumza bila kumtumbuiza. Ndipo nikaona kwamba mimi mwenyewe nilikuwa shamba la aina moja, na ugonjwa mmoja ulitosha kunimaliza. Mama yako akanifundisha kusokota kamba. Kamba zangu ni mbaya hadi leo, lakini zilinishika.

Nikaenda kwa Mama Nyanzala kuomba mbegu zake. Nilitegemea anifukuze, na angenifukuza ningeondoka kimya. Alisema za shambani alikwisha kuzing'oa, kama nilivyoagiza, ila nyuma ya bafu lake yalikuwa yameota mashina mawili matatu yenyewe, yanakunywa maji ya kuogea. Akanichumia. Akasema, "Nazo zinaugua, manju. Usije ukazitungia wimbo."

Tangu hapo tunapanda mchanganyiko. Chuma ipo bado, mistari kadhaa, katikati ya vitunguu na vinyanya vya Mama Nyanzala na zile mbegu mbili bibi shamba alizotuletea kujaribu. Mabaki tunayachoma. Anayeingia shamba la mwenzake ananawa mikono kwanza. Manju havikwi tena majani, anapewa kibuyu cha togwa, mabadiliko ambayo manju hajayalalamikia. Unga ulikuja kiangazi kilichopita na cha mwaka huu pia umekuja, umekula huku umeacha kule, na tumevuna. Hakuna wimbo wa kusifu mavuno ya namna hiyo. Lakini tumekula, pikapu zimerudi, na nikisimama juu ya tuta sasa naona rangi rangi, na moyo unatulia kuliko siku zile za kijani kitupu.

Mtu angedhani baba yako amejifunza.

Habari ya kuchaguliwa kwako kwenda chuo cha kilimo ilipofika, unakumbuka ua ulivyojaa. Hata wa ng'ambo walikuja, na manju wao akaja, amekaa pale mbele na miguu kainyoosha kama mwenye nyumba. Na mimi nilikuwa na furaha, Limi. Binti wa manju wa Samuye, anapanda treni kwenda Morogoro kusomea mimea! Furaha ikapanda kichwani, nikasimama, na wimbo ukatoka: Limi anakwenda, Limi atarudi na mbegu isiyojua kuugua, unga utakufa njaa mlangoni kwetu. Watu waliudaka kabla sijamaliza ubeti. Mama yako alikuwa anapiga vigelegele. Nilikutazama ukiwa umesimama mlangoni na sinia la vikombe, ukatabasamu, na mimi nikaridhika na lile tabasamu. Lile tabasamu nilipaswa kuligeuza nikatazama upande wa chini.

Toka siku hiyo watoto wanauimba wakichunga. Akina mama lamboni wanakuita Mama Mbegu. Mzee Maduhu amekushika mkono njiani si mara moja, nami nimemsikia mwenyewe, "Ng'wanawane, mwanangu, tuletee kabla sijafa," na wewe unajibu, "Ndiyo, babu." Ukaanza kunyamaza. Chakula ukawa unakichezea. Nikasema moyoni, sasa anakuwa msomi, wasomi ndivyo walivyo. Mama yako hakudanganyika, lakini naye alikuwa ameshangilia, akaona aibu kusema, mpaka ulipomwambia yale maneno ya lamboni.

Unaona nilichofanya. Nilichukua hofu yetu yote ya njaa, na aibu yangu yote ya mwaka ule, nikaipanda kwa mtu mmoja, kuanzia lambo mpaka barabarani. Kisha nikakusifu ili usiweze kukataa.

Sikiliza sasa. Hiyo mbegu haipo, na anayelijua hilo kuliko watu wote hapa ni mimi. Kama utasoma ukajua mambo ya komeo na ya wanaopita kwenye komeo, tutafurahi. Kama utatuletea mbegu itakayotusogeza miaka mitano, tutaipanda, katikati ya nyingine. Kama katika kusoma utaona kwamba mimea si yako, na moyo wako uko kwenye hesabu au kwenye kutibu ng'ombe, nenda huko, na ukitaka uniandikie, ukitaka usiniandikie mpaka umalize. Kama utafeli, na watu hufeli, mimi nilifeli mtihani wa darasa la saba na bado mama yako alinikubali, basi feli uje nyumbani.

Kuna moja tu nitakaloliomba, na si amri. Ile siku ya jani, uliliona jambo ambalo sisi wote tulikuwa tumelivaa shingoni hatulioni. Kisha nikawachekesha watu juu yako, ukaondoka. Sikulaumu kwa kuondoka. Nilikuwa baba yako, nilikuwa manju, na watu wazima walikuwa wanacheka, nani angesimama? Lakini huko utakutana na wengine wenye sauti kama yangu, na baadhi yao wana digrii. Ukiwa umeligeuza jani na umeona, sema mara ya pili. Ikibidi sema huku machozi yanatoka. Natamani ungenivua yale majani shingoni kwa nguvu, na ningekuchapa, na siku moja ningekushukuru.

Sasa nikuambie nilichofanya leo, maana utakuwa umesikia minong'ono. Asubuhi, ulipokwenda na mama yako kumuaga shangazi, kundi lilikuwa kwa Mzee Maduhu. Kwetu lililotoka kwa wimbo halirudishwi kwa maelezo. Ningesimama kueleza, watu wangesema manju kapitiwa na gongo. Wimbo hufutwa kwa wimbo. Nilikuwa nimeutunga kwa siku mbili, na kusema kweli haukutaka kutungika, kwa sababu sauti yangu haijazoea kwenda upande ule. Nikatangulia mstari, nikauanza: Limi anakwenda kusoma, nilimtwika bonde, leo namtua. Mbegu isiyougua haipo, manju aliwadanganya. Limi anakwenda kusoma, mwacheni aende mwepesi.

Hakuna aliyeitikia.

Hujawahi kuona jambo hilo na nakuombea usilione. Manju anaimba, na nyuma yake majembe yanasimama moja moja. Nikaimba mara ya pili peke yangu. Hata ng'ambo wakaacha kulima kusikiliza kimetokea nini. Mzee Maduhu akaweka jembe lake chini, akaja polepole mpaka nilipo.

"Manju. Sasa mtoto anakwenda kufanya nini huko?"

"Kusoma, mzee."

"Na akirudi hana mbegu?"

"Atakuwa amerudi."

Alinitazama. Anatutazama hivyo hivyo tukimletea habari ya ng'ombe aliyekufa. Nilidhani atanigeuzia mgongo, na angekuwa na haki, kwa kuwa ni shamba lake lililotangulia kufa na ni yeye aliyekuwa akikushika mkono njiani. Akasema, "Wimbo wenyewe mbovu. Hebu urudie."

Nikarudia. Akaitikia yeye, Limi, Mzee Maduhu, ambaye hajawahi kushika sauti tangu nimjue, anaitikia kama mlango mbovu, macho ameyafumba. Ndipo wengine wakaingia. Mama Nyanzala akaingia. Tulipofika mwisho wa mstari sikuweza kuendelea, wakauendeleza wenyewe bila mimi, na nikasimama pale kwenye vitunguu nikilia mbele ya kundi langu na mbele ya ng'ambo. Wale wa ng'ambo hawajanicheka bado. Watanicheka wiki ijayo, na nitawajibu.

Kwa hiyo hili nitakuambia kwa mdomo usiku huu, maana barua utaifungua treni imeondoka: kesho alfajiri, utakapowasikia wakiimba njiani kuja kukusindikiza, usijifunike khanga ukidhani ni ule wa zamani. Sikiliza maneno. Babu Maduhu akikushika mkono hatakuagiza kitu. Ameniambia anataka akubebee begi mpaka kwenye gari, na usimzuie, hata kama mtachelewa.

Jua limekwenda, na kalamu inaandika kwa kubahatisha. Umeacha kusugua viatu, umeingia ndani. Mama yako amekuja kusimama hapa karibu na tenga, bakuli la karanga mkononi, anajaribu kusoma juu ya bega langu, lakini mwandiko wangu unaujua, haumfikishi popote. Ananiuliza, "Tangu saa kumi unaandika tu. Kurasa zote hizi unamwambia nini mtoto?"

Nimemjibu kwamba namwambia arudi.

Ni mimi baba yako,
Manju wa Samuye